Makumbusho ya Nani?

Mwalimu Hatibu, aliyepokea vipindi vyangu vya Historia hapa Magoma, ameniomba nimwandikie namna ya kuwapeleka wanafunzi Dar es Salaam, kuwaonyesha makumbusho na kurudi nao wote. Hilo la kurudi nao wote ndilo gumu, mengine ni kawaida. Nimekubali kwa sababu tangu nistaafu nimegundua kwamba kuku hawapendi kufundishwa, na mume wangu naye hapendi. Lakini nitaanzia mwanzo, Hatibu. Mwalimu wa Historia ukimwambia aanzie katikati unamwonea.

Mimi ni mzaliwa wa Mazinde. Ukisimama mlangoni kwetu unaona mkonge mpaka macho yanachoka, na marehemu baba aliukata mpaka mikono ikachoka. Nilipomaliza chuo cha ualimu nilipangiwa Kang'ata, huko Handeni. Nilifika nimevaa viatu vya mchuchumio, maana chuoni walituambia mwalimu ajiheshimu, na niliposhuka kwenye gari miguu ikazama kwenye vumbi mpaka vifundoni. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo akanitazama, akasema, "Pole, mwalimu. Hivyo ni vya kuingilia. Vya kutembelea utavikuta pale dukani." Jioni ileile nikanunua kandambili.

Darasa langu la kwanza lilikuwa nusu watoto wa wakulima wa Kizigua, nusu watoto wa wafugaji waliotoka maboma ya mbali kwa miguu. Nikawauliza swali lililo mwanzoni mwa kila kitabu: Historia ni nini? Binti mmoja wa wafugaji, Naserian, akasimama. "Ni habari za watu waliokufa, Madam." Nikamwambia amejaribu, nikageuka kuandika ubaoni ile maana ndefu ya kitabuni, na wote wakainakili, yeye pia. Ya kitabuni leo siikumbuki vizuri. Ya Naserian naikumbuka.

Baadaye nikahamishiwa Korogwe mjini, na huko nikamkuta Mwalimu Mhina. Alikuwa karibu kustaafu, mwembamba, mkali, na koti lake moja la kahawia alilivaa hata mwezi wa pili wakati sisi wengine tunatafuta kivuli. Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza ziara ya kidato cha tatu kwenda Dar es Salaam kila mwaka, na akanichagua niwe msaidizi wake kwa sababu, alisema, nina sauti ya kuita ng'ombe. Sikujua kama nifurahi.

Vifaa vya Mhina vilikuwa vinne na sijaona vya kuvizidi. Filimbi. Malimau, kwa wanaotapika. Mifuko, kwa wanaotapika kabla malimau hayajafika. Na fimbo ndefu yenye kanga nyekundu juu yake, aliyoiinua katikati ya watu jijini ili mtoto aliyepotea aitazame na kuifuata. Watu wa Dar walikuwa wakitucheka, wakidhani ni maandamano. Mhina hakujali. "Wao wanacheka, mimi nahesabu vichwa," alisema. Hatibu, ile fimbo iko nyuma ya mlango wa ofisi ya walimu. Kanga nimeshaibadilisha mara nyingi, fimbo ni ileile.

Sasa nifike kwenye lile uliloniuliza hasa: makumbusho yapi. Safari yenyewe ni fupi. Mnatoka Korogwe alfajiri, Segera, Mkata mnanunua machungwa, Chalinze mnakula, mnafika jijini jua limeshageuka na foleni imeshakaa. Mnalala kwenye madarasa ya shule rafiki. Kesho yake mna asubuhi moja tu kabla basi halijageuza. Na makumbusho ya historia tuliyoyazoea ni mawili, yako mbali moja na jingine, na kati yao kuna magari yaliyosimama.

Sisi tuliyaita Vioo na Nyumba. Vioo ni lile jengo ambamo kila kitu kiko nyuma ya kioo: minyororo, bunduki za Wajerumani, picha za wazee wenye vilemba, vyungu vya zamani sana. Nyumba ni ule uwanja wenye miti ambapo wamejenga nyumba za makabila mbalimbali kama zilivyokuwa zamani, na unaingia ndani.

Mhina alikuwa mtu wa Vioo. Mtihani hauulizi nyumba ya nyasi, alisema, unauliza ukoloni. Mwaka mmoja mkuu wa shule alitutaka tuyaone yote mawili. Tukajaribu. Tuliona geti la kwanza tukiwa tumechelewa na geti la pili likiwa linafungwa, na katikati tukaona vizuri sana nyuma ya lori la saruji. Wanafunzi waliandika insha kuhusu lori hilo, nyingine nzuri tu. Tangu siku ile Mhina aliapa: jijini utachagua moja, na ukishachagua usigeuze shingo.

Alipostaafu akanikabidhi filimbi na fimbo bila hotuba. Mimi nami nikaendelea na Vioo, hata nilipohamia hapa Magoma. Mara moja tu nilijaribu Nyumba, na nikajuta. Wanafunzi wa Magoma walisimama mbele ya zile kuta za udongo wakanitazama kama nimewatapeli. "Madam," akasema mmoja, "tumesafiri siku nzima kuja kuangalia banda la bibi?" Mwingine akazunguka nyuma, akarudi akasema nyasi zimeezekwa vibaya, kwao babu yake angezifumua zote. Nikasema basi, Nyumba si ya watoto wa shamba. Hiyo waachiwe watoto wa mjini.

Ndipo ukaja mwaka wa Bibi Saumu.

Shule yetu ina utaratibu kwamba katika kila safari mzazi mmoja anafuatana na wanafunzi. Kwa kawaida kumpata mzazi huyo ni kazi, kila mtu ana palizi. Mwaka ule, kwenye kikao cha wazazi, mkuu wa shule alisema tu, "Mwaka huu pia vijana watakwenda makumbusho, Dar es Salaam," na kabla hajamaliza Bibi Saumu akawa ameshasimama. Alikuwa mama mtu mzima, mkulima, anayemlea mjukuu wake Mwantumu aliyekuwa kidato cha tatu. Hakuwahi kufika Dar. "Nitakwenda mimi," akasema. Mwantumu, aliyekuwa akichungulia dirishani, akaficha uso. Unajua watoto wa kidato cha tatu wanavyoona haya na bibi zao.

Safari ilikwenda vizuri. Bibi hakutapika hata kidogo, wakati vijana wenye maneno mengi walimaliza malimau yangu kabla ya Chalinze. Alikaa siti ya mbele na fundo la kanga mapajani, hakuliweka juu wala chini, na nilipotaka kumpokea akasema, "Niachie, mwanangu, hili halilali."

Asubuhi, kwenye shule tuliyolala, tulikuwa tunakunywa uji. Wanafunzi walikuwa na maswali yao mkononi, yote ya utawala wa Wajerumani, maana mkuu wa shule alikuwa ameagiza waziwazi: mwaka huu Vioo, na kila swali lijibiwe. Bibi Saumu akanijia, amekwisha kuoga, kanga mpya.

"Mwalimu, hapo kwenye makumbusho, sufuria tutaikuta au tuazime hapa?"

"Sufuria ya nini, bibi?"

"Ya sadaka." Akafungua lile fundo. Mchele, mweupe, umechaguliwa punje kwa punje, na katikati ya mchele kipande cha gazeti kilichofunga ubani. "Na msikiti uko karibu? Au wana mtu wao wa kusoma?"

Nikashusha kikombe. "Bibi, kule hakuna kusoma. Kule watu wanaangalia."

"Wanaangalia nini? Kwani haya ni makumbusho ya nani?"

"Si ya mtu mmoja. Ni jengo kubwa, wameweka vitu vya watu wa zamani."

"Na wenyewe wako wapi?"

"Wenyewe walishakufa."

"Eti walishakufa," akasema Bibi Saumu. "Basi si hayohayo ninayosema?"

Miaka yote ile nilikuwa nikilitamka neno makumbusho darasani, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu wa Magoma akilisikia anaona mkeka, sahani ya wali na watu wanaomrehemu marehemu wao. Nikamketisha kwenye dawati, nikamwuliza taratibu alikuja kumkumbuka nani. Akaniambia.

Alikuwa na mdogo wake, Rajabu. Kazi ya mkonge ilipopungua, Rajabu aliaga kwamba anakwenda Dar kutafuta maisha, akiwa kijana ambaye ndevu hazijakolea. Alituma salamu mara mbili tatu. Kisha akaja mtu na habari kwamba Rajabu aliugua, akafia kwenye nyumba ya watu, na majirani wakamzika. Makaburi gani, yule mtu hakujua. Baba yao akasema mwanangu hajafa mpaka nimeliona kaburi, na akakataza matanga yasiwekwe. Hapakuwa na hitima, hapakuwa na arobaini. Baba akafa na msimamo wake. Mama naye akafuata. Akabaki Bibi Saumu na mdogo wake asiyesomewa.

"Niliposikia Dar kuna makumbusho," akasema, "nikasema alhamdulillah. Kumbe mji ule una mahali pa kuwakumbuka waliofia kwake. Mimi sitakuja tena, mwanangu, magoti haya yamekwisha. Nimekuja kumsomea Rajabu."

Nilitaka kumwambia hapana mahali hapo. Nikashindwa. Nilimwonea huruma mpaka nikajionea huruma mwenyewe. Tungeweza kumpeleka msikiti wowote akaomba dua, ndiyo, na nilimwambia hivyo. Akatikisa kichwa. Msikitini angeomba hata Magoma. Alitaka mahali pa Rajabu, na alishaamini kwamba papo.

Nikafikiri Vioo. Kule hata chupa ya maji unaiacha mlangoni, sembuse ubani. Mlinzi angeunusa tangu barabarani. Lakini Nyumba, nikawaza, Nyumba walau kuna chini pa kukaa.

Nikapiga filimbi. "Mabadiliko. Tunakwenda Nyumba."

Minong'ono ikaanza. Mwantumu ndiye aliyenyoosha mkono. "Madam, na haya maswali ya Wajerumani?"

"Wajerumani watasubiri," nikamwambia. "Hawana pa kwenda."

Nilijua nimejiletea kesi kwa mkuu wa shule. Lakini nilikuwa nimeshachagua, na nilimkumbuka Mhina: usigeuze shingo.

Tulipoingia pale, Bibi Saumu akatembea mbele yetu kama mwenyeji. Akapita nyumba ya kwanza, ya pili, kisha akasimama mbele ya nyumba moja ya msonge, ya duara, nyasi zimeshuka mpaka karibu na ardhi. Uso ukamng'aa. "Hii hapa," akawaambia wanafunzi. "Hii ni ya kwetu. Babu yangu alikaa humu, Wazigua wote walikaa humu. Tazameni vizuri, msije mkasema hamkuonyeshwa." Kisha akavua kandambili, akasimama kizingitini, akaita:

"Hodi!"

Wanafunzi wakacheka kwa chinichini. Mwantumu akavuta mtandio mpaka puani. Nyumba ya maonyesho, Hatibu, haina mtu, kila mmoja anajua. Bibi hakugeuka.

"Hodi humu ndani!"

Nikaanza kusogea nimshike mkono. Ndipo sauti ikatoka upande wa nyuma: "Karibu! Karibuni sana!"

Akatokea kijana mwenye shati la kazi na ufagio wa chelewa mkononi, mmoja wa wanaowatembeza wageni. Jina lake Method. "Shikamoo, bibi," akasema.

"Marahaba, baba. Wenyewe wapo?"

"Mimi ndiye mwenyewe. Hii nyumba ni ya kwetu, Bukoba."

"Bukoba wapi," akasema Bibi Saumu. "Hii ni ya Wazigua."

Method hakubishana. Alimkaribisha ndani, sisi tukabanana nyuma yao, akamwonyesha jinsi ndani kulivyogawanywa, mahali pa kulala ng'ombe, mahali pa baba mwenye nyumba, nyasi za kutandika chini. Bibi alitazama kila kitu na mdomo ukazidi kupungukiwa maneno. Kwa babu yake ng'ombe hawakulala ndani. Kwa babu yake uchaga wa mahindi ulikuwa juu ya moto, na hapa haukuwapo. Akaugusa ukuta wa matete.

"Kweli," akasema. "Nimeingia nyumba ya watu."

Nikaona mabega yake yanashuka. Niliogopa. Nikasema moyoni, sasa nimemharibia kabisa, afadhali hata Vioo. Method naye akafadhaika, akasema anaweza kututafutia nyumba iliyo karibu na ya kwetu, si mbali, ni kuvuka tu hapo.

Bibi akaketi chini, palepale, kwenye nyasi za watu wa Bukoba, akanyoosha miguu.

"La, baba, usihangaike," akasema. "Rajabu alifia nyumba ya watu. Na tumsomee humuhumu."

Method hakumjua Rajabu. Nilimtoa nje nikamweleza, haraka, kwa aibu kidogo, nikimwomba nafasi ndogo tu ya dua, bila moto, bila sufuria. Alinisikiliza akiwa anauchezea ule ufagio. Kisha akaniambia kitu nilichokuwa sikijui: nyumba zile zinawashiwa moto mara kwa mara, kwa makusudi, kwa sababu nyasi zisipopata moshi zinaliwa na wadudu. Leo haikuwa zamu ya nyumba hii. "Lakini ngoja nikamwone mkubwa wangu," akasema. "Moshi ni moshi."

Alichukua muda mpaka nikadhani ametukimbia. Aliporudi alikuwa na kuni begani, na nyuma yake mama ntilie wa nje ya geti, aliyekuja mwenyewe na sufuria yake na mafuta, kwa sababu alisema hamwachii mtu sufuria yake, na tena hajawahi kuona makumbusho yanapikiwa wali.

Moto ukawashwa. Bibi Saumu akapika kwa mkono wake, akaweka kaa la moto kwenye kigae, akatia ubani. Nikauliza nani anaweza kusoma. Nilitarajia kijana mmoja au wawili walio wasikivu darasani. Aliyejitokeza ni Athumani, mtoto ambaye mimi nilimjua kwa usingizi tu, maana vipindi vyangu vyote alivilalia. Akaketi, akafunga macho, safari hii kwa sababu nzuri, akasoma Yasini kwa moyo kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Wenzake wakaitikia. Walio Wakristo na watoto wa wafugaji waliketi nao, miguu imekunjwa, hakuna aliyewaambia. Method alisimama mlangoni na kofia mkononi, akisema "Amina" nyuma ya wengine kila mara, kama mtu anayejifunza wimbo.

Wali ulikuwa kidogo. Kila mtu alipata tonge lisilojaza kiganja. Method alipopewa lake akasema kwao ingekuwa ndizi. "Basi siku yako tutakupikia ndizi," akasema Bibi Saumu, na watu wakacheka, naye akacheka, na mimi nikatoka nje nikalia nyuma ya msonge. Siwezi kukudanganya, Hatibu. Nililia mpaka mama ntilie akaja kuniuliza kama marehemu alikuwa ndugu yangu.

Njiani kurudi, Mwantumu alihamia siti ya mbele, akalaza kichwa chake begani kwa bibi yake mpaka Segera. Nilimwuliza Bibi Saumu kama ameridhika. "Nimeridhika," akasema. "Nilimwita, akaitikia mtu. Alipokufa yeye sijui kama kulikuwa na wa kumwitikia. Leo yuko."

Kesi kwa mkuu wa shule ilikuja kama nilivyoitarajia. Aliuliza Wajerumani wako wapi, nikasema tuliwaacha Dar. Hakucheka. Alisema kama ziara ni ya kwenda kula wali, wali upo hata hapa, na akatangaza kwamba kikao kijacho atapendekeza ziara isimamishwe. Nilikwenda kwenye kikao kile nimejiandaa kushindwa. Lakini Bibi Saumu alikuwa amekwisha kupita nyumba kwa nyumba na habari yake. Walifika wazazi ambao hatukuwa tumewaona tangu wawaandikishe watoto. Kila mmoja alikuwa na wake. Kaka aliyekwenda Mwanza asirudi. Babu aliyekuja mkongeni kama manamba, kwa mkataba, kutoka nchi ambayo wajukuu hawajui hata inaanzia upande gani. Shangazi aliyeolewa mbali akanyamaza. Hawakutaka ziara isimame. Walitaka kujua kama watoto wao wanaweza kuwabebea majina.

Mkuu wa shule akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, kama na walimu wanaweza kutoa jina. Sikumwuliza ni nani wake. Alikuja kuniambia mwenyewe baadaye.

Tangu hapo ndivyo nilivyofanya. Kabla ya safari kila mwanafunzi anauliza nyumbani, anakuja na jina la mtu mmoja wa kwao, na habari kidogo: alifanya nini, alitokea wapi, alikwenda wapi. Ndiyo maana, Hatibu, sikupi jibu la Vioo au Nyumba kama unavyotaka, neno moja, ukaandike kwenye mpango wako. Sikiliza kwanza majina. Mwaka ambao darasa lilijaa wajukuu wa manamba nilikwenda Vioo, maana kule kuna picha za zamani za watu wa kazi, na mtoto mmoja wa Mazinde alisimama mbele ya picha moja mpaka tukamwacha nyuma. Babu yake hakuwemo, alijua. Alikuwa anatazama namna walivyofunga nguo, ili akamwulize baba yake kama babu naye alifunga hivyo. Mwaka ule hakuna aliyeuliza tumekuja kufanya nini. Na mitihani, kwa taarifa yako, hawakushindwa. Mtoto akishajua babu yake alikuwa upande gani wa bunduki, ukoloni unaingia wenyewe.

Lakini hata nikienda Vioo, hupita Nyumba asubuhi mapema, kwa muda mfupi, mlangoni tu, kwa sababu ya kazi moja niliyopewa. Lori la saruji nimejifunza kulikwepa. Bibi Saumu yu hai, magoti yamegoma kama alivyosema, anakaa barazani kwake anachambua kunde na kuwagombeza mbuzi. Kila mwaka wakati wa safari hunitumia mchele wake kidogo na ubani ndani ya gazeti. Na kila nikirudi, kabla hajaniuliza habari za njiani, huniuliza swali moja tu: "Mlipopiga hodi, nani kaitika?"

Mara ya kwanza nilimjibu ni Method. Mwaka mwingine nikamjibu ni mama anayefagia uwanja. Mwaka mmoja walikuwa watoto wa shule ya Mwanza, walioitikia kwa pamoja kwa nguvu mpaka njiwa wakaruka kwenye paa, na Bibi Saumu alifurahi wiki nzima, akisema Mwanza hawajambo. Kuna mwaka waliitika wageni wa Ulaya, "kaaribu," kwa ulimi mzito, nao akawapokea. Hajakosa jibu bado.

Mwaka huu mchele umekuja kama kawaida, na nimemweleza kwamba siendi mimi, anakwenda mwalimu mpya. Akauliza kama una haya. Nikasema sijui, vijana wa siku hizi. Akasema nikuandikie.

Basi ndiyo haya. Mchele uko kwenye mkoba wa malimau, pembeni, umefungwa vizuri. Method bado yuko pale, siku hizi yeye ndiye mkubwa wa wenzake, mwambie umetoka Magoma, atatafuta kuni. Ukifika kwenye msonge wa Bukoba, wanafunzi watakuwa nyuma yako na simu zao, na utajisikia mjinga. Vua viatu. Piga hodi kwa sauti, na atakayeitika mtazame vizuri usoni, kwa sababu ukirudi kuna mtu atakuuliza.